Barua ya wazi kwa viongozi wa halmashauri yetu: sumukuvu inapita sokoni na risiti ya ushuru juu yake

Kwa:
Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya,
Mwenyekiti wa Halmashauri,
Mganga Mkuu wa Wilaya.

YAH: MAHINDI NA KARANGA ZENYE SUMUKUVU KATIKA SOKO LETU LA NAFAKA, NA SARATANI YA INI

Ndugu Mkurugenzi, Mheshimiwa Mwenyekiti, Ndugu Mganga Mkuu,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu, yaani sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa kwenye nafaka.

Mimi ni mwananchi wa wilaya hii, mwenye mashine ya kusaga na kukoboa nyuma ya soko la nafaka. Kazi hii nimeifanya tangu 2009. Barua hii ni ya tatu. Ya kwanza niliileta mwenyewe masijala Februari 2023, nikagongewa muhuri kwenye nakala yangu. Ya pili niliileta Agosti mwaka huohuo, baada ya kuambiwa ya kwanza haionekani. Katikati ya hizo nilionana na afisa afya mara mbili, na diwani wetu akaniahidi kulifikisha jambo hili kwenye baraza. Jibu nililopata ni la mdomo tu: "Limepokelewa, mama, linafanyiwa kazi." Tangu hapo watu wameshavuna na kuvuna tena, na sokoni hakuna kilichobadilika. Ndiyo maana leo nawaandikia mbele ya watu wote. Heshima yangu kwenu ni ileile, ila subira imeniishia.

Kwenye ukuta wa zahanati yetu mmebandika bango kubwa la magonjwa yasiyoambukiza. Linasema tuache sigara, tupunguze pombe, chumvi na mafuta, tutembee kwa miguu, tupime presha na sukari. Sina ugomvi na bango hilo. Sigara inaleta saratani ya mapafu na ya koo, pombe inaharibu ini, chumvi nyingi inapandisha presha, unene unamkaribisha mtu kwenye kisukari. Yote ni kweli na nimewaambia hata wateja wangu. Lakini hivyo vyote ni vihatarishi ambavyo mtu anaviona kwa macho na ana namna ya kuvikataa. Sumukuvu haionekani ndani ya unga, haina ladha wala harufu yake. Mama anayekuja kununua kilo mbili za unga jioni, watoto wakimsubiri nyumbani, ataikataaje? Mnamwambia abadili mtindo wa maisha. Ugali si mtindo wa maisha, ndugu zangu. Ugali ndio chakula chenyewe.

Kwa wasioijua: sumukuvu inatengenezwa na ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga, hasa mmea ukishapigwa na ukame shambani na mavuno yakahifadhiwa kabla hayajakauka sawasawa. Ilianza kujulikana baada ya mwaka 1960, bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza kwa kulishwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil. Wataalamu wa saratani duniani wameiweka kwenye kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitishwa kuleta saratani kwa binadamu, pamoja na tumbaku. Jikoni haiondoki. Maji ya ugali yanachemka kwa nyuzi 100, na sumu hii inahitaji zaidi ya nyuzi 200 ndipo ivunjike.

Sisi wa Kanda ya Kati hatukuhitaji kusomeshwa hayo. Mwaka 2016, Dodoma na Manyara, watu wa Chemba, Kondoa na Kiteto walianza kuumwa matumbo, wakatapika, macho yakageuka manjano, matumbo yakajaa maji. Mwanzoni uliitwa ugonjwa usiojulikana. Vipimo vilipotoka ikawa ni sumukuvu kwenye mahindi ya nyumbani kwao. Waliougua 68, waliokufa 20. Kenya, mwaka 2004, walizika watu 125 kati ya 317 waliougua, wengi wao Makueni na Kitui.

Hao ni waliokula nyingi kwa muda mfupi, na vifo vyao vilitangazwa redioni. Ninaowaandikia kwa ajili yao ni wale wanaoila kidogo kidogo, asubuhi kwenye uji na jioni kwenye ugali, mwaka hadi mwaka, mpaka siku daktari anapomwita ndugu mmoja pembeni. Hawa hawatangazwi popote. Malalamiko yangu ni haya.

1. Sokoni hakuna anayepima unyevu wa mahindi.

Mahindi yanatakiwa yakauke mpaka unyevu ubaki asilimia 13 hivi ndipo yafungwe kwenye magunia. Sokoni kwetu yanaingia usiku na Fuso, mengine bado ya baridi ukiyashika, yanarundikwa chini kwenye udongo, mvua ikinyesha yanafunikwa kwa turubai moja lililotoboka. Mtoza ushuru anahesabu magunia na kukata risiti. Hiyo ndiyo kazi pekee ya serikali ninayoiona ikifanyika pale, na inafanyika vizuri: hakuna gunia linalopita bila kulipiwa.

Nilinunua kipima unyevu kwa fedha zangu. Ni kifaa cha kushika mkononi, kidogo kuliko redio. Siku ya kwanza ya gulio nilimwomba dalali mmoja anifungulie gunia, nikachomeka, kikasoma 17. Akaniangalia, akacheka, akasema, "Mama, hayo yatakaukia mashineni kwako." Wakulima ambao hawana kifaa ninawaonyesha njia ya chumvi: chupa kavu ya kioo, mahindi mpaka theluthi yake, kijiko cha chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie. Chumvi ikigandia kwenye kioo, mahindi hayajakauka. Mtoto wa darasa la nne anaweza kuifanya. Sijawahi kuona ikifanyika getini.

2. Karanga zinamwagiwa maji.

Hili linaniuma kwa sababu kila mtu anaijua sababu yake. Kubangua karanga kwa mkono kunachosha vidole, na vibarua, wengi wao akina mama na wasichana, wanalipwa kwa debe. Zikiloweshwa, ganda linalainika na debe linajaa haraka. Na karanga mbichi ina uzito zaidi kwenye mizani, kwa hiyo tajiri naye hakatazi. Zinaingizwa kwenye viroba zikiwa na maji yake, zinafungwa, zinakaa ghalani. Siku tatu tu ukifungua unakutana na joto usoni, kama umefungua sufuria. Ule ukungu wa kijani unaoelekea manjano unaanza kwenye zile zilizovunjika. Siwalaumu hao akina mama hata kidogo. Mashine ndogo ya kubangua ingewaondolea kazi ya maji, na mliiahidi kwa vikundi vya wanawake.

3. Mabaya yanayochambuliwa yanarudi kwa mlango mwingine.

Kuchambua kunasaidia sana, maana sumu inajikusanya kwenye punje zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu na zilizobadilika rangi. Wanaosafirisha nje ya wilaya wanachambua. Swali langu, ambalo nimeliuliza mara zote mbili kwa maandishi, ni moja: yanayochambuliwa yanakwenda wapi? Mimi najua, kwa sababu mengine yanaletwa kwangu. Yanauzwa nusu bei kwa wapika pombe ya kienyeji, kwa wafugaji wa kuku na ng'ombe, na kwa maskini. Karanga za daraja la mwisho zinasagwa, kwa sababu ikishakuwa karanga ya kusaga ya kuungia mboga, hakuna atakayeona rangi yake. Ng'ombe akila pumba zenye sumu, sumu inatoka kwenye maziwa yake. Na mama anayenyonyesha ni hivyohivyo.

Tangu 2020 sisagi mahindi yenye ukungu. Nimepoteza wateja, wamekwenda mashine za jirani, na siwezi kuwazuia. Mfanyabiashara mmoja hawezi kulinda afya ya wilaya nzima kwa kukataa tu.

Niongeze neno kuhusu dona, maana watumishi wa lishe wanatuhimiza tule dona. Wako sahihi, mahindi yakiwa mazima. Lakini sehemu kubwa ya sumu hukaa kwenye ganda na kiini, ndiyo maana kukoboa kunapunguza. Kwa mahindi ninayoyaona mimi, kumwambia mama ale dona bila kumhakikishia mahindi ni kumpa nusu ya ushauri.

4. Unga wa lishe wa watoto.

Ndugu Mganga Mkuu, hili ninalielekeza kwako moja kwa moja. Kila kliniki mama anafundishwa kumchanganyia mtoto mahindi, karanga, soya, mchele, pengine na dagaa. Mama mwenye bidii, anayefuata kila anachoambiwa, ndiye anayechanganya kwenye sufuria moja mazao mawili yanayoongoza kwa sumukuvu, na kumpa mtoto wa miezi saba mara tatu kwa siku. Wanakuja kwangu na vimfuko vyao vya kilo moja moja, wamevifunga vizuri, wengine wameandika kwa peni "uji wa mtoto". Naimwaga karanga kwenye ungo, naichambua nao. Kuna siku tulitoa mkono mzima wa karanga mbovu kwenye kilo moja. Yule mama mdogo aliziangalia kiganjani akaniuliza kama wiki zote zilizopita alikuwa akimpa mwanawe hizo. Sikuwa na jibu la kumpa. Hajafundishwa kuchambua, kwenye kadi ya kliniki hakuna neno hilo, na duka alikonunua halijawahi kukaguliwa.

5. Homa ya ini B imeachwa peke yake, wakati hizi mbili zinaua kwa kushirikiana.

Mtu mwenye virusi vya homa ya ini B akila sumukuvu, hatari yake ya saratani ya ini inaweza kufika mara 30 ya hatari ya mwenzake anayekula sumukuvu lakini hana virusi hivyo. Watoto wa siku hizi wanachanjwa wiki ya 6, ya 10 na ya 14, jambo la kushukuru sana. Lakini sisi tuliozaliwa kabla chanjo hiyo haijaingia kwenye ratiba ya watoto, mwanzoni mwa miaka ya 2000, tumebaki hivihivi. Ndio tunaolima, tunaobeba magunia na kuendesha magari.

Kaka yangu alikuwa dereva wa Fuso. Mwaka 2014 alikwenda kumchangia damu shemeji yake aliyekuwa amejifungua, wakamrudisha na karatasi: ana homa ya ini B. Aliambiwa aende hospitali kubwa. Hakuwa anaumwa popote, alikuwa na nguvu za kuinua gunia peke yake, na hakuna aliyemfuatilia. Karatasi aliikunja akaiweka kwenye Biblia ya mama. Mwaka 2019 alianza kukonda. Akasema anasikia kitu kigumu upande wa kulia chini ya mbavu. Tumbo likajaa, macho yakawa manjano. Majirani walisema kalogwa kwa sababu ya gari, na kwa aibu yangu nakiri kwamba wiki mbili tulizipoteza kwa mganga. Hospitali ya rufaa walipompiga picha, uvimbe ulikuwa umeshaenea ini lote. Tulimzika wiki ya tisa tangu kipimo kile. Alikuwa na miaka 43.

Siwezi kusema ni gunia gani, wala ni mwaka gani. Hakuna daktari anayeweza kulisema hilo. Ninachojua ni kwamba unga aliokula miaka kumi ya mwisho niliusaga mimi, kwa mahindi ya soko lile, na hakuna siku hata moja yaliyopimwa.

Ndugu viongozi, mmekuwa na majibu, na mengine nimeshayasikia kwa mdomo. Nayajibu hapa ili tusirudiane.

Mtasema usalama wa chakula ni kazi ya TBS, Shirika la Viwango, tangu ilipoondolewa TFDA, iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, mwaka 2019. Ni kweli viwango na vibali viko kwao. Lakini soko ni la halmashauri, geti ni la halmashauri, mtoza ushuru ni wa halmashauri, na maafisa afya wanaofunga mgahawa usiokuwa na choo ni wa halmashauri. Nyama ikichinjwa lazima igongwe muhuri ndipo iuzwe, na hamjawahi kusema muhuri huo usubiri mtu kutoka makao makuu.

Mtasema bajeti haitoshi. Sijaomba maabara. Maabara ni jambo jema na serikali kuu imeshaanza kulishughulikia katika kanda hii. Mimi naomba sakafu ya zege ya kuanikia, maturubai, vipima unyevu vichache na mtu wa kuvisoma. Ushuru wa nafaka hizohizo ndio ulipaswa kuvinunua.

Mtasema wafanyabiashara watahamia masoko mengine. Kumbukeni Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi yetu na ya Uganda kwa sababu hiihii ya sumukuvu. Malori yalikwama mpakani, bei zikaanguka, na mpaka ulipofunguliwa siku chache baadaye likaja sharti la cheti kwamba sumukuvu haizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Kiwango hichohicho ndicho cha Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki, sisi tukiwemo. Kwa hiyo gunia linalovuka Namanga linaulizwa cheti, na linalobaki kwa ajili ya watoto wetu haliulizwi kitu. Mnunuzi mkubwa anatafuta mahindi makavu. Soko likijulikana kwa mahindi makavu halikimbiwi.

Na kuna jibu la nne, ambalo mtumishi wenu mmoja alinipa kwa nia njema: kwamba nikiendelea kusema nitaleta taharuki. Watu wa Kiteto hawakufa kwa taharuki.

Baada ya hayo, ninaomba mambo yafuatayo, na ninaomba yajibiwe kwa maandishi.

Kwanza, kabla ya mavuno yajayo, getini pawe na vipima unyevu, na gunia lililozidi kiwango lisikatiwe risiti mpaka mwenye mali aanike. Lisitaifishwe, maana mkulima naye ana watoto. Apewe nafasi ya kuanika, na pale pawe na zege na turubai la kuanikia.

Pili, halmashauri itunge utaratibu wa nini kifanyike na nafaka na karanga mbovu zilizochambuliwa, na mtu akikutwa anaziuza ziwe chakula cha watu au mifugo achukuliwe hatua.

Tatu, ile mikopo ya vikundi vya wanawake iguse mashine za kubangulia karanga, na kulowesha karanga kupigwe marufuku sokoni siku mashine hizo zitakapofika, si kabla, ili akina mama wasibaki bila kazi.

Nne, Ndugu Mganga Mkuu, somo la unga wa lishe lianze na kuchambua. Dakika kumi zinatosha. Niko tayari kuja kliniki na ungo wangu bila malipo.

Tano, anayekutwa na homa ya ini B wakati wa kuchangia damu asirudishwe na karatasi tu. Aitwe, familia yake ipimwe, wasio nayo wachanjwe dozi tatu, mwenye nayo apangiwe tarehe za kuchunguzwa ini. Na wabeba mizigo, wachuuzi na madereva wa sokoni wapimwe palepale sokoni siku ya gulio, kama mnavyofanya kwa VVU.

Sita, maafisa ugani wafike mashambani kabla ya msimu na kuwaeleza wakulima kuhusu mbegu, kuvuna kwa wakati, kutoanika kwenye udongo mtupu, mifuko isiyopitisha hewa, na ile dawa ya kibiolojia ya Aflasafe, ya kuzuia sumukuvu shambani, ambayo imeshasajiliwa nchini lakini wakulima wetu wengi hawajaisikia.

Nimeambatisha nakala za barua mbili za awali zenye muhuri wa masijala. Jina langu na namba ya simu vipo humo. Mashine naifungua saa mbili asubuhi kila siku isipokuwa Jumapili. Yeyote kati yenu akifika siku ya gulio nitamkabidhi kipima unyevu tukatembee naye kwenye magunia, achague mwenyewe la kufungua.

Mavuno yanaanza Mei. Naomba jibu kabla ya hapo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Msaga nafaka, nyuma ya soko.

Nakala:
Diwani wa kata,
Mwenyekiti wa soko la nafaka,
Ubao wa matangazo wa soko.